Haya na Pole

Siku ya kwanza Naftaly Mbugua aliponiambia pole barabarani, nilisimama katikati ya mbio nikamuuliza nani amekufa.

Tulikuwa wafanyakazi kumi na wawili wa hospitali, tumejitokeza asubuhi na baridi yote ya Njoro, na mimi nilikuwa mbele ya wenzangu kwa sababu ya kiherehere tu. Sikuwa nimemaliza hata kilomita mbili na kifua kilikuwa kinawaka. Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Pole."

"Pole ya nini? Mimi sijafiwa."

Alicheka mpaka akashika magoti. "Sister, nakuambia upunguze. Enda pole."

"Si ungesema polepole, nikuelewe?"

"Mtu akikimbia hana pumzi ya kusikiza maneno mingi. Mimi nikiwa road niko na maneno mbili tu. Haya, unaongeza. Pole, unapunguza. Hiyo ingine yote tutaongea tukifika."

Nikamwambia basi awe anakimbia mbele, si nyuma yangu, maana mimi ni mtoto wa watu na sikuzoea mwanamume kunifuata nyuma. Akasema mwalimu wa mbio huangalia visigino. Nikamwambia angalia visigino, na macho yakipanda nitajua. Akasema sawa. Miaka miwili amekaa nyuma yangu, na sijui macho yake yalipanda mara ngapi, lakini najua siku niliyotamani yapande.

Mimi ni Sundus, binti wa Mzee Shariff muuza vitambaa wa Bondeni, na kazi yangu ni uuguzi katika chumba cha wagonjwa wa figo. Pale wagonjwa hulazwa kwenye viti, damu yao inapitishwa kwenye mashine, inasafishwa, inarudishwa. Mashine ni chache na wagonjwa wanangojana foleni. Ndiyo sababu hospitali ikaandaa mbio za hisani za kilomita arobaini na mbili hapa Nakuru, tupate mashine mbili zaidi, na ndiyo sababu Naftaly, mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari kule Njoro, akajitolea kutufundisha. Hakujitolea bure. Mama yake, Wamuyu, alikuwa mgonjwa wetu. Mgonjwa wangu, hasa.

Mama Naftaly alikuwa na mkono mgumu. Wenzangu wakimtafuta mshipa walitoka jasho, naye akiwatazama tu. Mimi nilikuwa nikimdunga mara moja. Sijui kwa nini, ni mkono tu ulikubali. Basi akawa hataki mtu mwingine. "Hii mkono inajua Sundus," alikuwa akiwaambia, na kama niko likizo ananuna siku nzima. Aliniita mami. Aliniletea maziwa kwa chupa ya soda. Na kwenye zile saa nne za mashine alinipigia hadithi, akiwa ametulia kama mtu aliye saluni.

Siku moja aliniambia, "Mami, mimi sina shida na kufa. Nitazaliwa tena."

"Utazaliwa wapi tena?"

"Kwa Naftaly. Kwetu msichana wa kwanza wa kijana ni mama ya huyo kijana. Anaitwa Wamuyu, anakuwa mimi. Nitakuja na figo mpya." Akacheka. "Mimi navumilia hii mashine nione tu ameoa. Nikishajua mlango niko nao, nitaenda zangu."

Nilicheka naye, nikainama kusoma namba kwenye mashine ili asione uso wangu. Wakati huo mwanawe na mimi tulikuwa tumeshapendana. Nikajiona nikimbeba Mama Naftaly mgongoni, mdogo, anapiga kelele, na nikafurahi kama mjinga.

Kwetu haikuwa rahisi. Baba alininunia mwaka mzima. Nilikuwa namwamkia na yeye anajibu kwa kusogeza kikombe. Shangazi zangu waliniletea wachumba wawili, mmoja kutoka Mombasa, nikawakataa wote wawili na nikaitwa majina mabaya. Nilikonda. Mwishowe Baba alichoka kabla yangu, akatoa masharti: Naftaly asilimu kwa moyo wake, si kwa sababu ya mwanamke, na mpaka hapo tusiwe peke yetu hata dakika moja. Naftaly akaenda kwa imamu miezi minane, kila Jumamosi. Akajifunza. Akachagua jina, Harun. Na muuguzi mwenzangu Cheptoo akapewa kazi ya kutuchunga, kwa sababu Cheptoo ana mume, ana akili, na mume wake ana gari, Probox.

Cheptoo ni wa Olenguruone na hakimbii. "Mimi ndio yule Mkalenjin mmoja Mungu alisahau kumpea miguu," husema. Kwa hiyo mazoezini yeye huendesha gari taratibu mbele yetu na chupa za maji, akituangalia kwenye kioo.

Ijumaa iliyokuwa inakuja, baada ya swala, Naftaly alikuwa aje msikitini atamke shahada. Baba, yule yule wa kusogeza kikombe, alikuwa amekata kitambaa cheupe dukani mwake, akamshonea kanzu. Hakumpima. Alisema ameshamtazama.

Na Jumapili kabla ya Ijumaa hiyo tulikuwa na mbio yetu ndefu ya mwisho ya mazoezi. Kilomita thelathini na mbili, kupanda barabara ya Mau Narok kumi na sita, kurudi kumi na sita. Wenzetu walikuwa wamekimbia yao jana yake, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, na Probox.

Naftaly alikuja akiwa amevaa kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Sikumwona macho.

"Umelala?" nikamuuliza.

"Kiasi."

"Mama anaendeleaje huko Naivasha?"

Alikuwa ameniambia Jumanne iliyopita kwamba mamake amekwenda kwa dadake Naivasha, na kwamba huko anafanyiwa dialysis kwa muda. Nilikuwa nimeandika hivyo kwenye faili lake. Kiti chake Jumanne na Ijumaa alikaa mtu mwingine.

"Ako tu," akasema. "Twende, baridi."

Tukapanda. Kupanda ni kazi, hakuna mapenzi ndani yake. Mashamba ya ngano kushoto na kulia, viazi, ng'ombe wamesimama kwenye ukungu kama wamesahauliwa. Nilivaa suruali pana na shati la mikono mirefu, mtandio nimeufunga kwa pini nne, na jasho lilikuwa linaingia machoni. Nyuma yangu nilisikia viatu vyake. Nimeishi na sauti ile ya viatu miaka miwili, na ningeweza kuitambua ndani ya umati. Siku hiyo haikuwa sawa. Ilikuwa inaburuta. Nikadhani ni goti.

"Haya," alisema mara mbili tu, kote kule kupanda.

Tukageuka kwenye kumi na sita. Cheptoo alitupa maji, akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akasema, "Leo mmenyamaza kama watu wa kanisani." Tukamrudishia chupa.

Kurudi ni mteremko, na mimi mteremkoni sina adabu. Hujiachia. Ndiyo maana sikushangaa aliposema, "Pole." Nikapunguza. Mita mia tatu mbele, "Pole." Nikapunguza. Nilikuwa nawaza kanzu. Nilikuwa nawaza Naftaly akiivaa, mabega yale, na Baba akijifanya hamtazami. Nilikuwa na furaha, na nataka niseme hivyo wazi, kwa sababu ilikuwa mara ya mwisho.

"Pole."

Nikapunguza.

Kilomita ya ishirini. Ya ishirini na tatu. Kila baada ya muda neno lile lile, na kila likija natii kama mwanafunzi wake mzuri. Tulikuwa tumepita Egerton, jua limetoka, na watu wa kanisa walikuwa wanatembea kando ya barabara na Biblia zao kwapani. Probox ilikuwa imetutangulia mbali kwa sababu Cheptoo alishindwa kwenda taratibu kiasi kile.

"Pole."

"Nikipunguza tena nitakuwa natembea, Mwalimu," nikasema bila kugeuka. "Kwani tunaenda kuzika?"

Viatu vilisikika hatua nne, tano.

"Pole, Sundus."

Nikasimama.

Miaka miwili hajawahi kulitia neno lile jina langu. Mtu anayeambiwa apunguze mwendo haitwi kwa jina, anaambiwa tu. Niligeuka. Alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, na uso wake ulikuwa umelowa, na halikuwa jasho peke yake.

"Nani amekufa?" nikamuuliza.

Ni swali lile lile la siku ya kwanza. Nililikumbuka nikishalitamka, na nadhani yeye pia, kwa sababu midomo yake ilijaribu kucheka ikashindwa.

"Hakuna mtu amekufa," akasema. "Bado."

"Sema basi."

"Mathe hayuko Naivasha. Hajaenda kwa auntie. Ako nyumbani."

"Na dialysis?"

"Hajaenda. Tuesday hakuenda, Friday hakuenda."

Nilisahau kwamba ninampenda. Nikawa muuguzi. "Wiki nzima? Mama Naftaly hajasafishwa wiki nzima na wewe umekuja hapa kukimbia?"

"Sundus..."

"Amevimba?"

"Miguu haingii kwa viatu. Analala amekaa. Akilala chini anasema ni kama maji inapanda kwa kifua."

"Moyo wake unaweza kusimama akiwa anakunywa chai, unajua hivyo? Unajua?"

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingenidanganya nikaandika uongo kwa faili yake."

"Nilijua nikikuambia utaenda kwake," akasema. "Na yeye alikataa usiende."

Hapo nikahisi baridi, ile ya asubuhi, ikirudi kupitia shati lililolowa.

"Ulimwambia nini?"

"Yote. Monday. Nilimwambia Friday naenda msikiti. Nikamwambia na jina."

"Akasema nini?"

"Alikuwa anachagua maharagwe, akamaliza kuchagua. Kesho yake bodaboda ya kumpeleka hospitali ikakuja, akairudisha. Nikamuuliza, mathe, nini mbaya? Akaniambia, mimi nilikuwa navumilia hiyo mashine maana nilijua nitazaliwa. Sasa kama nitakufa na niishe, wacha niishe mara moja, nisichoshe watu."

Gari la maziwa lilipita, likatutupia vumbi.

"Ningemwita Wamuyu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, sikuitambua. "Msichana wa kwanza. Ningemwita Wamuyu, Naftaly. Nani alikataa? Baba yangu hana neno na jina."

"Nilimwambia hivyo."

"Na?"

"Akasema jina itakuja, lakini yeye hatakuja. Akasema hawezi kuzaliwa mahali hajui kuomba."

Ningekuwa nimetukanwa ningejua la kujibu. Mwaka mzima nilikuwa nimenoa majibu ya watu wanaotukana. Hili halikuwa tusi. Nilimwona Mama Naftaly, mdogo, amesimama mlangoni kwetu Bondeni, hajui aingilie wapi.

"Nitaongea naye. Mimi ananisikiza."

"Hapana."

"Naftaly, mimi ananisikiza. Kuna siku alikataa dawa za presha, ni nani alimfanya ameze?"

"Ndio maana hataki kukuona." Alikuwa anaikunja ile kofia, anaikunjua. "Alisema, huyo msichana akija hapa aniite Mama Naftaly na hiyo sauti yake, nitakubali. Na sitaki kukubali."

Nikakaa chini. Pale pale, kwenye majani ya kando ya barabara. Naye akachuchumaa, si karibu. Hata siku hiyo alikaa mbali kama Baba alivyoagiza, na nikamchukia kwa adabu yake.

"Na wewe umekubali nini?" nikamuuliza.

Aling'oa jani moja, akalitupa barabarani.

"Mwalimu. Wewe umemwambia nini?"

"Jana mchana alianguka kwa mlango. Nilimshika. Alikuwa mzito, Sundus, mtu mdogo vile, alikuwa mzito ya maji. Nikamwambia nimewacha. Akasema niape."

"Ukaapa."

"Nikaapa."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa Biblia yake. Nikiwa nimemshika."

"Baba ameshona kanzu," nikasema.

Aliinamisha kichwa.

"Ameshona mwenyewe. Amekaa kwa cherehani na macho yake hayo. Mwaka mzima hakunisalimia, Naftaly, mwaka mzima niliamkia ukuta, na sikukuacha hata siku moja. Wewe umepewa wiki moja."

"Baba yako hakuwa anakufa."

"Hapana. Mimi ndiye nilikuwa nakufa, lakini mimi sina mashine, kwa hivyo hamkuona."

"Niliona."

"Usiniambie uliona."

"Niliona," akarudia, na sasa alinitazama, mara ya kwanza tangu asubuhi. Macho yale. Kuna mtu anakutazama na unajua umetazamwa mpaka mwisho, hatakutazama tena hivyo. "Ulikonda mpaka saa ikawa inateleza kwa mkono. Niliona kila kitu. Unafikiria nimechagua? Nikichagua wewe, kila siku nikikuangalia nitakuwa naona ule mlango. Na wewe utaona. Wewe zaidi, maana wewe ndio unajua vile angepona."

Hilo lilikuwa kweli, na nilimchukia kwa hilo pia. Ningemdunga nani mwingine kwenye kiti kile, bila kumwona yeye amekaa hapo?

"Na ungeningoja nimalize thelathini na mbili ndipo uniambie?"

"Nilianza kukuambia kwa kumi na saba."

"Uongo. Hukusema kitu."

"Nilisema pole." Akapangusa uso kwa kofia. "Kila nikisema, ulikuwa unapunguza."

Nikazihesabu. Sikutaka, lakini akili ilienda yenyewe ikarudi mteremkoni, ikaokota moja moja. Ile ya kwenye daraja. Ile ya karibu na Egerton. Ile nilipokuwa nawaza mabega yake.

"Zote?"

"Zote."

Tukasikia Probox inarudi kinyumenyume, injini inalalamika. Cheptoo alitoa kichwa dirishani. "Nyinyi mko sawa? Mimi Mzee Shariff aliniambia nisiwaache mkiwa mmesimama..." Kisha akatuona vizuri, akazima gari.

Mtu akivunjika moyo hupewa muda alie. Mimi sikuwa nao. Wiki moja bila mashine, maji kifuani, ameanguka jana. Nikasimama.

"Anaenda lini hospitali?"

"Kesho. Alisema leo ni ya kanisa."

"Leo. Sasa hivi. Cheptoo, mpeleke Naftaly kwao mkamchukue Mama yake. Akikataa mwambie..." Nikafungua mlango wa gari. "Naftaly, mwambie umeshaniambia yote. Mwambie nimekubali. Mtanikuta Njoro."

"Ingia tukupeleke," Cheptoo akasema kwa upole.

"Kwao ni barabara ile ingine, mtachelewa kunishusha. Nendeni."

"Sundus," Naftaly akaita akiwa ameshika mlango wa gari. "Kwa hiyo race... bado utakimbia?"

Nilimtazama. Alikuwa anauliza kweli. Nadhani lilikuwa jambo moja tu lililobaki ambalo angeweza kuniuliza.

"Mashine zinahitajika," nikamwambia. "Mama yako hatakufa leo."

Wakaondoka.

Zilikuwa zimebaki kilomita nne, zote za kushuka. Nikazikimbia peke yangu. Hakuna viatu nyuma, hakuna neno. Nilijiachia kama nilivyokatazwa miaka miwili, magoti yakipigwa na lami, mtandio umetoka pini mbili, nalia kwa sauti mbele ya watu wa kanisa ambao walipisha njia. Mama mmoja aliniita, "Pole, mama." Nikaongeza.

Njoro nikakaa kwenye ukingo wa duka lililofungwa. Simu ikalia kwenye kile kimkoba cha kiunoni. Ilikuwa Baba.

"Umemaliza mbio zako?"

"Ndiyo, Baba."

"Mbona unahema hivyo? Sikiliza. Muulize huyo kijana, anapenda mikono mirefu ifike hapa kwenye vidole au ya kawaida? Imebaki mikono tu, nimesimama na mkasi hapa."

Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa anapanga nyanya mafungu mafungu. Nilizitazama mpaka akamaliza fungu.

"Upo, Sundus?"

"Ya kawaida, Baba," nikasema. "Mikono ya kawaida."

"Nilijua. Si mtu wa mbwembwe," akasema Baba, akaridhika, akakata simu.

Probox ilikuja na Mama Naftaly kiti cha mbele. Nilikaa nyuma, Naftaly upande wake, mimi upande wangu, na katikati katoni ya chupa za maji. Mara moja tu gari lilipoingia shimoni mkono wake ulishika katoni isiniangukie, nikautazama mkono ule, nikageukia dirishani.

Hospitali ilikuwa imetulia kama kawaida ya Jumapili. Daktari wa zamu aliangalia miguu ile mara moja tu, akasaini. Naftaly akabaki nje kwenye benchi. Nilinawa, nikavaa aproni juu ya nguo za mbio, nikampima uzito. Alikuwa na kilo saba za maji.

"Nimwite Cheptoo akudunge?" nikamuuliza. Sikumwita Mama Naftaly. Sikuweza.

Alitikisa kichwa. Alikuwa amejifunga leso ya kanisa, miguu iko kwenye ndara za mwanawe, na kila neno alilivuta kutoka mbali. "Hii mkono... inajua wewe."

Nikavuta kiti. Nikapanga vitu vyangu. Pamba, dawa, plasta, sindano mbili.

"Ulikuwa unakimbia."

"Ndiyo."

"Ile yetu... ya mashine."

"Ile yenu."

Akapumua mara tatu. "Mami, umenichukia."

"Usiongee, utakosa hewa."

"Mimi nakupenda. Hata kuliko huyo yuko nje, wakati mwingine. Si wewe. Ni mlango."

"Najua," nikasema. "Nyosha mkono."

Akaunyosha. Nikaweka vidole viwili juu ya mshipa, pale ulipofanyiwa upasuaji, nikausikia ukinguruma kidogo chini ya ngozi, una nguvu bado, unaendelea tu na mambo yake. Mkono wangu haukutetemeka. Nilitamani utetemeke, nimpishe mtu mwingine, lakini haukutetemeka.

Akafunga macho. "Haya," akasema.

Kuna neno ambalo huwa namwambia kila mgonjwa kabla ya sindano. Nimelisema miaka sita, asubuhi na jioni, hata sikumbuki kama ninalisema. Safari hii lilikaa mdomoni, likakataa kutoka, na Mama Naftaly akangoja, macho yamefungwa, mkono umenyooka.

"Pole," nikamwambia, nikamdunga.

"Asante, mami," akajibu, kama anavyojibu siku zote.

Sindano ni mbili. Nikachukua ya pili.